Leseni Niliyoifuata Nairobi

Mzungu aliyekuwa akifundisha urubani pale Tabora hakuwa mtu wa maneno mengi, na hilo ndilo lililoniponza. Angekuwa mpiga domo kama wenzake wa klabu ya ndege, angenieleza vizuri ni kitu gani alichokuwa ananipa, nami ningekishika kwa mikono miwili. Yeye alisema mara moja tu, huku akifuta mikono kwa tambara, kisha akaenda zake kunywa chai.

Mimi nilikuwa kibarua pale uwanjani. Kazi yangu ilikuwa kutia mafuta kwenye ndege kwa pampu ya mkono, kufuta vioo, kusukuma ndege ndogo ya klabu kutoka bandani, na kufukuza mbuzi na ng'ombe wa watu waliodhani uwanja ule ni malisho. Shule nilikuwa nimesoma, Kiingereza nilikijua, na kwa kuwa nilikijua nilisumbua watu kwa maswali. Kwa nini mchana wa jua kali ndege inakimbia mbali kabla ya kuinuka, na asubuhi inainuka upesi? Wanaklabu hawakunijibu. Yule mwalimu alinijibu siku moja, akasema hewa ya moto ni nyepesi, haibebi. Tangu hapo akawa ananitazama.

Jumapili moja akanijia pampuni. Akaniambia kamati ya klabu imemruhusu amfundishe kibarua mmoja, maana wanataka mtu wa kuhamisha ndege pale uwanjani bila kuigonga. "Mmoja tu," akasema. "Nakuchukua wewe. Kila Jumapili asubuhi, kabla wenyewe hawajaamka. Itachukua miaka. Lakini utakuwa mwanafunzi wangu mimi." Ndiyo hayo tu. Nikasema ndiyo, bwana, na moyo ukanidunda hata nikamwaga mafuta chini.

Siku ya kwanza aliponipandisha niliuona mji wote uko chini yangu: mabati ya stesheni, msikiti, kanisa, soko, na ile miembe ya njia ya zamani ya misafara inayoelekea Ujiji. Babu yangu aliipita njia ile kwa miguu, na pembe ya ndovu begani. Mimi niliifuata kwa kitambo kidogo, nikafika mahali ambapo yeye angelala kambi ya pili. Nilicheka peke yangu. Niliposhuka nilijua sitaki kitu kingine duniani, nataka kuwa rubani, na sikutaka kwa adabu, nilitaka kama mtu mwenye njaa.

Sasa ngoja niwaambie kujifunza nyumbani kulivyo. Jumapili ya kwanza unaruka. Jumapili ya pili mwalimu ana homa. Ya tatu mvua inanyesha. Ya nne bwana mmoja wa klabu amekuja na wageni wake, anataka kuwaonyesha tembo, basi ndege imekwenda na wewe umebaki na pampu yako. Masika ikaisha nami sijui hata kutua. Nikimlalamikia mwalimu, ananiambia, "Umeiona mvua ya hapa inavyokuja? Umejua kitu. Subiri." Subiri, subiri. Kijana mwenye damu ya moto umwambie asubiri, unatafuta nini?

Ndipo nikasikia habari za chuo cha Nairobi. Abiria mmoja aliacha gazeti kwenye kiti, nikalisoma nikiwa kivulini. Chuo hicho kilitoa leseni kwa msimu mmoja. Unalala pale pale, unakula pale pale, unaruka asubuhi na jioni kila siku ya Mungu. Gazeti halikusema wazungu tu. Nikalisoma tena na tena mpaka likachanika kwenye mkunjo.

Nikalipeleka neno nyumbani, kijijini kwetu, upande wa Isikizya. Wazazi wangu walikuwa wakulima na watu wa kanisa, na baba alikuwa na mizinga mingi ya nyuki porini. Nilimkuta na kaka zake wametoka ibadani. Nikawaamkia, nikawaeleza njia zote mbili, ya Tabora na ya Nairobi, kwa haki kabisa, sikupendelea. Kwa kweli nilikuwa sijui nichague ipi. Nilitaka mtu anisaidie kupima.

Baba hakupima chochote. Aliuliza, "Huyo wa Tabora, unajifunzia Tabora hii?"

"Tabora hii, baba."

"Tabora tunakwenda kuuza asali," akasema. "Tunakwenda asubuhi, jioni tumerudi. Nani amewahi kwenda Tabora akarudi mtu?"

Wakubwa wakacheka. Lakini baba hakuwa anatania. Kwetu Unyamwezi, zamani za misafara, kijana aliyekuwa hajafika pwani hakuhesabiwa. Angeweza kulima shamba kubwa kuliko wote, angeweza kuua simba, bado alikuwa mtoto, na akipeleka posa alichekwa hata na mbwa wa nyumba ile. Sharti abebe mzigo, aende, aione bahari, arudi. Alichobeba na alicholeta havikuulizwa sana. Aliulizwa kama alifika. Misafara ilikuwa imekwisha siku nyingi, gari moshi limekula kazi ya wapagazi, lakini kipimo kilibaki vichwani mwa wazee vile vile. Nairobi ilikuwa mbali, ng'ambo ya ziwa, nchi ya watu. Basi Nairobi ilikuwa bora. Ndivyo nilivyochaguliwa chuo cha urubani, mimi.

Mama peke yake ndiye aliyesema. Alikuwa anamenya viazi, hakuinua kichwa. "Huyo mzungu amemwita mwenyewe. Bandu bandu huisha gogo. Mwacheni achonge hapa hapa." Baba mkubwa akamwambia, "Shemeji, haya ni mambo ya safari." Ng'ombe wakauzwa, na asali ya mwaka ule, na watu wa kwaya wakachanga.

Nilipomuaga mwalimu, hakukasirika. Ningependa angekasirika. Aliniuliza mara moja tu kama nimefikiri vizuri. Nikamwambia kule nitamaliza haraka. Akasema, "Kule utapata karatasi. Hapa ungepata ndege." Nikaona huyu ana wivu, anataka kibarua wake abaki pampuni. Eti nilimwonea huruma! Nikampa mkono, nikaenda kupanda gari moshi la Mwanza, na nyuma yangu wanawake wa kwetu wanapiga vigelegele kama vile nimekwisha kurudi.

Chuo kile sikisemi vibaya. Kilinipa kilichoahidi. Tuliruka kila siku, tukasoma kila jioni, leo mwalimu huyu, kesho yule, na hakuna hata mmoja aliyejua jina langu mpaka naondoka. Tulikuzwa kama kuku wa kisasa, mlo na taa, mlo na taa, mpaka tukafikia uzito. Msimu waliouchagua ulikuwa wa kiangazi, mbingu nyeupe, upepo mpole. Niliruka peke yangu, nikafaulu mitihani, nikapewa leseni yenye picha yangu. Siku ile nililia chooni kwa furaha, nimejifungia, ili wenzangu wasinione. Sijapata kulia kwa furaha tena.

Kurudi kwangu kulikuwa sherehe. Mbuzi alichinjwa, ngoma ikapigwa mpaka wachungaji wakaguna. Baba alinishika mkono akanizungusha kwa wazee mmoja mmoja. "Amefika," akawa anasema. "Amefika na amerudi." Kulikuwa na mtani wetu mmoja, Mzaramo wa reli, akasimama katikati ya watu akiwa na kibuyu chake cha pombe. "Enyi Wanyamwezi," akasema, "babu zenu walikuja kwetu na mzigo kichwani, wakarudi na mzigo kichwani. Huyu wenu wa leo amekwenda na ng'ombe, amerudi na kijikaratasi. Jamani, upagazi umeharibika." Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mtani hanuniwi. Nilicheka nami.

Jumatatu nikaenda uwanjani, nimevaa suruali niliyonunua Nairobi. Mwalimu alikuwapo. Akaitazama leseni yangu, akaisoma yote, akanipa mkono wa kweli. "Hongera," akasema. Nikamwambia basi, sasa naomba ndege. Rubani asiporuka leseni yake inakufa, hilo alilijua kuliko mimi.

Akaniambia ndege ya klabu wanairusha wanachama, na wanafunzi wake yeye. Uanachama, tusidanganyane, mtu wa rangi yangu hakupewa. Nikamwambia, "Basi nichukue tena niwe mwanafunzi wako. Nianze mwanzo. Jumapili, nusu saa, vile vile." Alitazama kando. "Nafasi ni moja," akasema. "Sasa ina mtu."

Mtu mwenyewe alikuwa kijana wa mjini, baba yake mshona kanzu karibu na soko. Alichukuliwa kupiga deki banda nilipoondoka. Kijana mpole, mwenye salamu. Shikamoo, kaka, hunisalimia kila Jumapili, ananipita, anapanda, nami namtilia mafuta, maana kazi ya pampu walinirudishia bila tatizo. Nilimchukia. Nasema wazi, nilimchukia mtoto wa watu ambaye hakunikosea lolote. Alijifunza polepole, masika akangoja, kiangazi akangoja, mwalimu akiumwa naye akangoja. Na kila alichojifunza alikijifunza kwenye ndege ile, juu ya ardhi ile, mbele ya macho ya wale wale waliokuwa na ufunguo. Walimzoea. Hilo ndilo lililokuwa somo, na mimi nililiita kupoteza wakati.

Pengine mtasema klabu ilikuwa na hofu na warubani wa msimu mmoja. Mimi nami nilijaribu kuamini hivyo, maana ni afadhali kuliko ukweli. Kisha akaja bwana mdogo mmoja, mzungu wa serikali, amehamishiwa Tabora kutoka Kenya. Karatasi yake ilikuwa ya chuo kile kile, rangi ile ile. Mwalimu alizunguka naye angani mara moja, wakashuka, akapewa ndege. Nilimjazia mafuta. Akanishukuru kwa Kiswahili, akauliza kama najua Igunga iko upande gani, anataka kwenda kuona mashamba ya pamba. Nikamwonyesha kwa kidole.

Nikahangaika kwingine. Nilimwendea kila rubani aliyetua Tabora, wa barua, wa misheni, wa madini. Wote walikuwa watu wa heshima. Wote waliniuliza swali moja, nina saa ngapi za kuruka, nikawatajia, nao wakanitazama kwa upole kama anavyotazamwa mgonjwa. Chuo kilikuwa kimenipa saa zile zile zinazotakiwa na mtihani, hata moja zaidi hakuna. Za kuongezea zilitakiwa zitoke kwenye ndege, na ndege ilikuwa mbele yangu kila siku, natia mafuta tumboni mwake, nafuta vioo vyake, nafukuza mbuzi njiani mwake.

Leseni ikafa. Siku ilipokufa hapakutokea kitu. Nilikula ugali na mlenda, nikarudi kazini.

Jumamosi nikaenda nyumbani kumwambia baba, maana aliyetoa ng'ombe ana haki ya kujua. Nilimkuta anafunga mzinga mpya, ameupigia magoti, kamba iko mdomoni. Mama alikuwa karibu, anaanika michembe, vile viazi vya kukausha. Nikamwamkia, nikakaa, nikasema yote bila kuzunguka. Kwamba leseni imekufa. Kwamba ndege sijairusha hata siku moja tangu nirudi, na sitairusha. Niliyekuwa natazamia ni mzazi atakayenikaripia, au atakayelia nami. Lolote kati ya hayo lingenifaa.

Baba akatoa kamba mdomoni. "Nairobi ulifika?" akauliza.

"Nilifika, baba."

"Uliiona kwa macho yako?"

"Niliiona."

"Sasa kimekufa nini?"

Hakuwa ananikejeli. Aliuliza kwa moyo mweupe kabisa, na nilimtazama nikaona kwamba kwake hakuna kilichopungua. Ng'ombe wake walikwenda walikotakiwa. Ndege hakuwahi kuinunua, hakuwahi hata kuifikiria. Alinunua safari, na safari alipewa. Hasira ilinipanda mpaka masikio yakawa moto. Mama aliacha michembe yake akanitazama, kisha akaendelea kuanika.

"Kuna binti wa Usinge," baba akasema, amerudi kwenye mzinga wake. "Nimekwisha kuongea na wakwe. Mtu aliyefika hawezi kukataliwa."

Hawakunikataa. Nilioa kabla ya mvua. Mke wangu ni mtu mwema, tumezeeka pamoja, amenizalia watoto na kuniuguza, na mpaka leo sijamwambia kwamba yeye ndiye niliyepewa mahali pa ndege.