Neno la Mtu Asiyetulia

Mwaka ule nilikuwa nafagia wodi ya wanawake katika hospitali moja ya mjini, na nilitaka kuwa nesi. Kikwazo kilikuwa mtihani wa Kiingereza. Nikirudi nyumbani Temeke sikuweza kukaa kitako. Nilianza kuchambua mchele, nikauacha, nikaenda kuchota maji na mtungi umejaa. Mama mkubwa, aliyenilea, alinitazama tu huku akisuka ukili wake wa mkeka.

Jirani yetu alikuwa mwalimu, mtu wa bara, na mkewe alikuwa mjamzito. Mwalimu alikubali kunifundisha barazani kwake baada ya alasiri.

"Usihangaike na maneno makubwa," aliniambia. "Jifunze la kumsaidia mgonjwa."

Akanipa neno "restless". Ni mtu asiyetulia, akasema, anageuka huku na huku na hapati raha.

Ulimi ulinigomea. Kila nikilitamka lilitoka limekatika. Mkewe, aliyekuwa anamenya mihogo, akacheka. "Mwalimu, mbona umempa jina lake mwenyewe?"

Nilicheka nami, lakini lilinichoma. Nilikwenda nalo kazini na kurudi nalo, nikilinong'ona njiani mpaka watu wakanigeukia.

Siku chache kabla ya mtihani, mwalimu akiwa shuleni, mkewe aliingia uani kwetu ameshika kichwa. Uso na miguu vilikuwa vimevimba. Alikaa, akasimama, akajilaza mkekani, akainuka tena.

"Shikamoo mama," alisema, "macho yangu yanaona ukungu."

Mama mkubwa hata kuitikia hakuitikia. Alikwishaanza kuvaa baibui. "Huyu si wa kukaa nyumbani. Twende."

Tulipanda basi mpaka hospitali ile niliyofagia. Sista wa zamu alikuwa Mzungu, na mkalimani hakuwapo. Alituuliza kitu, akaona tumenyamaza, akarudi kwenye maandishi yake. Mie mfagiaji nitasema nini? Nikasema hivyo hivyo, "Sister, she is restless. Since morning. Her head is paining." Yaani hatulii tangu asubuhi, na kichwa kinamuuma.

Kalamu ilisimama. Alikuja, akambonyeza miguu, akamtazama macho, kisha akamwita daktari kwa haraka ambayo sikuwahi kuiona kwake.

Mtoto wa kike alizaliwa kabla ya siku zake. Mama yake aliumwa sana, kisha akapona. Mwalimu alipofika alinishika mkono kwa muda mrefu.

Mtihani nao ukafika. Niliwekewa picha ya mtu kituo cha reli nikaambiwa nieleze hali yake kwa Kiingereza. Neno langu lilikuwa mdomoni tayari, ila mtu wa pichani alikuwa amelala fofofo juu ya mzigo wake. Nikasema amechoka. Nikasema treni itamwacha. Mtahini aliandika, wala hakuinua uso, na kwa wiki nzima sikujua alichoandika.

Sista yule ndiye aliyeniambia nimefaulu, nikiwa na fagio mkononi. Sikujua niendelee au niache. Nikaifagia wodi yote upya.

Nyumbani nilimweleza mama mkubwa. Alisuka kidogo, akauliza, "Utalala huko huko?"

"Ndiyo, mama. Kuna bweni la manesi."

Akauweka ukili chini. Nikadhani amekasirika.

"Basi kesho tukatafute viatu," akasema. "Hivyo vyako vimekwisha."