Lenzi ya Baba na Harusi ya Maparoni

Nimeisimulia habari hii mpaka nimechoka, na kila anayeisikia huniuliza kama siku ile nilikuwa na homa. Sikuwa na homa. Nilikuwa na uchovu tu, na uchovu wangu mimi hauwezi kumfanya mtu mwingine akohoe maji ya chumvi. Yalitokea alasiri, jua bado liko juu, ndani ya chumba kilichojaa wanawake, na wengi wao wako hai hadi leo. Ukitaka kuamini, amini. Usipotaka, sina nguvu ya kubishana nawe.

Mimi ni mpiga picha. Nina studio ndogo Ikwiriri, niliyorithi kwa baba. Miaka ile filamu zilipoanza kuadimika, Kariakoo ikajaa vitu vilivyokwisha kutumika Ulaya, nami nikapata huko kamera ya dijitali. Lenzi yake ilikuwa ya kisasa, inajilenga yenyewe kwa mota. Haikumaliza hata msimu mmoja wa harusi za huku kwetu. Unyevu wa delta uliingia, mchanga ukaingia, ikawa inalia kama mbu na haishiki kitu. Fundi mmoja akanitafutia pete ya chuma ya kuunganishia, nikafunga lenzi ya kamera ya filamu ya marehemu baba. Chuma kitupu, nzito kama jiwe la kukandamizia karatasi, haina mota wala waya.

Niamini, niliipenda kuliko kitu chochote nilichowahi kushika kazini. Unachungulia, unazungusha pete ya lenzi yenyewe kwa vidole, na uso wa mtu unatoka kwenye ukungu polepole mpaka unaziona kope. Hakuna mashine inayokuamulia. Rangi zake zilikuwa na joto fulani ambalo lenzi mpya hazina, na nyuma ya mtu mambo yote yanalainika kama siagi. Hata siku ambazo miguu ilikuwa inawaka moto, nikishika pete ile nilipumzika.

Sasa sikiliza hapa, maana bila hili hutaelewa. Kwenye shingo ya lenzi ile zimechongwa namba za umbali. Sura ya mtu ikikaa sawa, tazama namba, itakuambia yuko mita ngapi kutoka kwako. Mwisho kabisa kuna alama kama nane iliyolala, maana yake mbali sana: ng'ambo ya mto, milima, mwezi. Lenzi haina akili ya kudanganya. Kilicho karibu kiko karibu, kilicho mbali kiko mbali.

Basi nikaitwa Maparoni, kule ndani ya delta. Ulikuwa msimu wa baada ya mavuno ya mpunga, nilikuwa nimetoka harusi moja nikaingia nyingine bila hata kufua nguo. Nilipanda gari hadi Nyamisati, kisha boti ya mashine kupita kwenye mikoko. Bibi harusi aliitwa Zaituni. Mwenyeji wangu alikuwa mama yake mkubwa, Bi Mwanahawa, aliyemlea tangu mama mzazi alipofariki, Zaituni akiwa bado ananyonya. Walinitaka mimi, mpiga picha mwanamke, kwa sababu chumba cha kumpambia bibi harusi hakiingii mwanamume.

"Shikamoo, Bi Mwanahawa."

"Marahaba, mwanangu. Pole na maji. Ingia, lakini hilo limwako lako sitaki, lamtisha mtoto."

Limwako ni flashi. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, lenzi hii hutosheka na mwanga wa dirishani.

Zaituni alikaa kwenye mkeka, hina imekauka mikononi, wanawake wanamzunguka na kuimba. Nikapiga magoti mbele yake, nikachungulia. Ubavuni kwake, begani kabisa, alikaa mwanamke aliyejitanda kaniki. Sikushangaa, chumba kilikuwa kimejaa. Nikazungusha pete, Zaituni akakaa sawa. Mwanamke yule akabaki ukungu.

Watu wawili waliobanana bega kwa bega, mmoja yuko wazi, mwingine ukungu? Nikadhani amejitikisa. Nikazungusha kidogo mbele, kidogo nyuma. Hakuna. Nikaendelea kuzungusha kwa ukaidi tu mpaka pete ikagonga mwisho, na hapo ndipo sura yake ikatoka, wazi, hata hereni zake nikaziona. Nikatazama namba. Ilikuwa ile nane iliyolala.

Nikashusha kamera. Ubavuni kwa Zaituni hapakuwa na mtu.

Ungefanyaje wewe? Mimi nilisema moyoni, ametoka, na lenzi ya baba imelegea. Nikaijaribu kwa sufuria iliyokuwa mlangoni, ikasoma sawasawa. Nikachungulia tena kwa bibi harusi, na mwanamke alikuwa amekaa palepale, mbali vilevile. Kilichonitia tamaa ni kwamba safari hii, nilipoirudisha pete kuelekea kwa Zaituni, yule mwanamke alikuja nayo. Kila namba niliyoshuka, ukungu ulimfunika, kisha akasafika mwenyewe, kama mtu anayepiga hatua akakufuata. Nikapiga picha. Nikashuka namba nyingine, nikapiga. Alikuwa mzuri, nisikufiche. Mwembamba, macho yake hayakunitazama hata mara moja. Alikuwa anamtazama Zaituni.

Ndipo Zaituni akaanza kukohoa.

Mwanzo kidogo, kama aliyepaliwa. Kisha nyimbo zikakatika, maana alikuwa ameinama na maji yanamtoka mdomoni, mengi, yakaloanisha kanga mpya. Midomo yake ikawa ya kijivu. Mmoja akasema apelekwe nje apate hewa, mwingine akasema aletewe limau. Nikamshika mkono, ulikuwa baridi kama samaki. Yale maji yalinirukia usoni, nikayaonja bila kutaka. Yalikuwa ya chumvi.

"Amekula nini?" Bi Mwanahawa alifoka. "Nani kampa nini mwanangu?"

Sijui kwa nini nilimwonyesha. Niliona tu kwamba haya mambo mawili yameanza pamoja. Nikamfungulia picha kwenye kioo cha nyuma ya kamera, nikamuuliza kwa sauti ya chini, "Bibi, huyu ni nani?"

Alitazama. Alikaa chini pale pale kwenye maji.

"Mwajuma," akasema. "Mdogo wangu. Mama yake huyu."

Akanieleza kwa maneno machache, huku anamfuta mtoto. Mtumbwi ulipinduka Mwajuma akienda ng'ambo shambani kuwinga ndege wasile mpunga. Walimtafuta mpaka bahari kuu. Hawakumpata, hakuzikwa, na katika maisha yake hakuwahi kupigwa picha.

"Umemleta vipi?" akaniuliza.

"Sikumleta. Nilizungusha hii tu."

"Basi mrudishe kwa hiyo hiyo. Mwajuma hana ubaya na mwanawe. Amemkumbuka, ndiyo maana atamchukua."

Niliinua kamera. Nikaegemeza viwiko magotini. Mwajuma sasa alikuwa karibu mno, baina yake na Zaituni ilibaki kama upana wa ukucha kwenye ile pete, na kaniki yake ilikuwa inachuruzika. Alikuwa ameinua mkono kumgusa mwanawe shavuni. Nikaanza kuzungusha kuelekea mbali. Nyuma yangu Bi Mwanahawa alikuwa anasoma Yasini, sauti inakatika.

Hakutaka kwenda. Nilizungusha, akapotea ukungu, nikangoja, akasafika tena huku analia. Jicho langu la kulia liliniuma kama limetiwa pilipili, lakini nilijua nikilitoa pale kwenye kitundu atabaki hapo alipo. Kuna wakati niliacha kuzungusha. Sikuweza kuendelea. Nilimwacha amtazame mwanawe na hina yake, na maua ya asumini kichwani. Nani angemnyima? Kisha Zaituni akakoroma kama anayezama, nikazungusha tena, mpaka pete ikagonga mwisho. Alikuwa wazi kwa muda wa pumzi moja. Halafu nikaona ukuta tu.

Zaituni alivuta hewa kwa kishindo, akalia kama mtoto mchanga.

Bi Mwanahawa alinitaka nizifute picha zote. Zaituni, sauti yake bado imekauka, akasema, "Mama mkubwa, niachie moja. Mimi sijamwona kamwe." Bibi akakataa, huku machozi yanamtoka. Nikafuta. Ni kitufe tu, unakibonyeza, na mtu hayupo.

Harusi iliendelea jioni ile. Zaituni ana watoto sasa. Kila anapokuja Ikwiriri kuuza mpunga hupita studio, tunakunywa chai, kisha huniuliza, "Dada, alikuwaje?" Namweleza paji la uso, hereni, jinsi alivyokaa. Mwaka hadi mwaka sura inanififia, naye hajui. Nikikwama, namtazama yeye mwenyewe na kumsomea uso wake.

Na jicho langu la kulia halioni tena vitu vya karibu. Nikiinua kiganja changu naona moshi. Milima ya Wamatumbi naiona, bati la nyumba ya mbali naliona. Daktari wa macho alisema jicho ni zima, akanipa miwani, haikusaidia. Nalenga kwa la kushoto. Lakini msimu uliopita, stendi ya mabasi, mzee mmoja alikaa benchi moja nami, karibu kabisa, na nilimwona kwa lile jicho la kulia, wazi, hadi mikunjo ya shingo niliyoizoea tangu utotoni. Nikalifumba, nikatazama kwa la kushoto. Benchi ilikuwa tupu. Sikugeuka tena upande ule, nikaondoka bila kuaga.

Kwa hiyo wewe unayependa lenzi hizi za zamani, zipende, ni nzuri kweli. Ila ukimkuta mtu yuko karibu nawe na pete inasema yuko mbali, usimsogeze. Hata kama unaitambua sura yake. Hasa kama unaitambua. Weka kamera chini, umwombee dua, umwache alipo.