Imbwa Alivyoingia Darasa la Kingereza

Mwalimu Asmani hakuogopa kitu Rumonge isipokuwa mama za wanafunzi wake. Na asubuhi hiyo Mwanahamisi, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, alikuwa anakuja mbio, kitenge kimekazwa kiunoni kama mutu anaenda kupigana.

Tuseme ukweli, Asmani alijitakia. Miaka minne baada ya uhuru wa Burundi, wenzake wote wanafundisha Kifaransa, yeye akapanda mtumbwi mpaka Kigoma, akarudi na kitabu kimoja cha Kingereza na maringo ya waziri. Akafungua darasa uani kwake. Wazazi wakaleta watoto, siku moja wajisomee wenyewe karatasi za forodha ya Kigoma.

Shida ilikuwa picha za hicho kitabu. Baba muzungu anavuta kiko, mama anakata keki, na imbwa, jamani, imbwa amejilaza juu ya zulia pembeni ya chakula!

"Mulete vitu vya nyumbani vinavyofanana na picha, tuigize somo," Asmani alisema jana yake. Alitegemea vikombe. Swedi, mutoto wa Mwanahamisi, akaleta imbwa kutoka mashamba ya michikichi ya Kizuka. Zulia nalo alilipata: mkeka wa kuswalia wa mama yake. Imbwa akakalishwa hapo kwa heshima zote, akalamba watoto mashavu, akapitiwa na usingizi.

"Mwalimu!" Mwanahamisi alifoka kabla ya salamu. "Mkeka nimeuosha mara saba, mutoto mara saba, mchanga wa ziwa umebaki kidogo uishe!"

"Mama Swedi, mimi nilisema tu walete..."

"Ulisema wewe! Leo hili darasa linafungwa. Wenzangu wako njiani."

Asmani akafungua ukurasa mwingine haraka. "Tazama hii, iko nzuri tu." Watoto wanarushiana theluji.

"Wanachezea chumvi? Ya nani?"

Akafungua tena. Nguruwe. Mnene, anacheka.

"Astaghfirullah!"

Asmani akakifunga kitabu kwa kishindo. Alichoka. "Basi! Nyinyi kwenu munakula nini, nifundishe hicho?"

"Si samaki mukeke, ugali wa muhogo na mawese! Kwani hujui? Idi ulikula kwangu mpaka ukalegeza mkanda."

Nyuma ya mama yake Swedi akadakia kwa Kingereza, bila kuulizwa. Samaki. Moto. Mama. Mafuta. Mwanahamisi akageuka taratibu.

"Amesema nini?"

"Amesema mama yake anapika samaki kwa mafuta."

"Mwambie aseme na pilipili."

Wenzake wakafika, wamejaa mlangoni, tayari kubeba watoto wao. Mwanahamisi akawanyoshea mkono: "Munyamaze! Hajafika kwenye pilipili!"

Asmani hakuijua pilipili kwa Kingereza. Akapekua kitabu chote, jasho linamtoka. Keki zimejaa, pilipili hakuna hata moja.

Darasa halikufungwa. Walimpa sharti moja: kila somo litoke jikoni kwa mama mmoja. Na wote, hapohapo, wakaanza kugombania nani aanze.