Dari la Dada

Mmenichosha. Kila anayelala nyumba ya wageni akikiona kile kitandiko ukutani anateremka mpaka mlangoni kwangu: bibi, hebu tueleze. Mdomo wangu si bomba la mtaa. Nakiandika kisa hiki mara moja, sirudii, na kalamu kwangu ni nzito kuliko jiwe la kusagia. Herufi zikipinda, pindeni shingo mzifuate.

Walikuwa ndugu wawili, chumba kimoja. Mdogo, mtaa ulimwita Dhahabu kwa ajili ya vidole vyake. Mpe uzi na sindano ya kroshia, atakutolea kitambaa cha meza ambacho hata mwenye choyo atakisifia. Kichwani hakuvua kilemba chake cha njano chenye matone mekundu, ukimwona kwa mbali unajua ni yeye. Mkubwa hakuwa na jina la sifa, alikuwa Dada tu. Alianguka kwenye ngazi za kiwanda cha nguo alikokuwa akifanya kazi, miguu ikafa, vidole vikabaki vya kutetemeka, shingo ikakaza kama gogo. Akawa mtu wa kulala chali, macho juu. Dirisha lilikuwa nyuma ya kichwa chake, kwa hiyo barabara aliijua kwa masikio: huyu muuza mkaa, huyu mlevi wetu, yule mtoto anapigwa tena.

Dada alitaka jambo moja tu. Kitanda kigeuzwe, miguu ielekee dirishani, awekewe mito mgongoni aone watu.

"Mdogo wangu, ni kusukuma tu."

"Mguu wa kitanda umelegea, dada. Kitavunjika."

"Hata mwaka jana ulikuwa umelegea."

"Basi sasa umezidi."

Mguu ule haukuwa na lolote. Shida ilikuwa dari. Bati lilivuja, na maji yalichora madoa kwenye mbao za dari, rangi ya chai, rangi ya kutu, mengine yenye pindo jeusi. Mimi na wewe tungeona uchafu. Dada aliona jogoo. "Leo kuna jogoo," alikuwa akisema, "mkia uanze na rangi ya kutu, uishie kijani, na usimwekee jicho, ana aibu." Dhahabu anafuma, kitu kinatoka kinapumua. Wateja wakimuuliza, "Shoga, haya mawazo unayatoa wapi?" anajigonga paji la uso na kusema, "Humu humu." Na Dada yuko palepale chini ya shuka, anasikia yote.

Sasa mgeuze mtu huyo dirishani. Atapiga soga na kila mpita njia, na soga haina pazia. Mtaa utajua kichwa ni cha nani. Dhahabu alilijua hilo, na ndiyo maana mguu wa kitanda haukupona.

Ikatokea fundi bati wa jirani akaingiwa na huruma. Siku Dhahabu yuko sokoni kununua uzi, akapanda juu, akatia bati jipya, akashuka ndani akapaka dari lote rangi nyeupe. Dhahabu aliporudi alikuta dari limekuwa jeupe kama yai.

"Umeona?" Dada akacheka. "Sina jogoo, sina jani, sina kitu. Kumekuwa kweupe mpaka macho yanauma. Sasa nigeuze, mdogo wangu. Huko nje nitakuokotea mengine."

Dhahabu alisogeza meza mpaka kando ya kitanda, akapanda, akashika chuma cha kuchokolea jiko. Akakipitisha penye uwazi wa mbao, akalisukuma bati jipya mpaka likalia kwa kutoboka. Vumbi la chuma likamwingia Dada machoni.

"Unafanya nini?"

"Natafuta panya."

Mvua ilipokuja, tone la kwanza lilimpata Dada kwenye paji la uso. Dhahabu akamvuta upande wa kichwani mpaka matone yakaangukia mapajani, kisha beseni akaliweka juu ya mapaja yake. Kwa nini alitie beseni sakafuni wakati kuna mapaja yasiyosikia kitu? Maji yalidondoka, ta, ta, ta, na dari likaanza tena kupata madoa. Dada hakulia wala hakutukana. Aliuliza tu, "Kazi gani imekuja?"

Kazi ilikuwa kubwa. Mama Wageni, mwenye nyumba ya wageni pale juu, alitaka kitandiko cha kitanda kipana, kiwe na picha moja kubwa.

"Tutamfanyia bustani," Dada akasema. "Fuma vipande vya mraba, nitakutajia rangi kimoja kimoja."

Hapa lazima mjue jeuri ya Dhahabu. Vipande vyake hakuviunganisha nyumbani hata siku moja. Alivifunga mafungu, kila fungu safu moja, akaenda kuviunganisha uani, nje ya chumba chao, mbele ya mteja na mtaa mzima, ili asitokee mwenye midomo wa kusema alisaidiwa na mtu. Na kuvitandaza chumbani mapema avione? Nafasi iko wapi? Kitanda kimekula chumba, na kitanda hakisogei, si mguu umelegea!

Basi Dada akataja, yeye akafuma. "Kipande hiki bluu, tone moja katikati. Hiki kijivu chote. Hiki njano, vidoa vyekundu."

"Njano ni nini?"

"Ua."

Siku ya kuunganisha, uani palijaa. Dhahabu akaanza safu za chini, na midomo ya sifa ikafunguka. Miguu minne ya kahawia ikaonekana. "Haya ni mashina ya miti," akasema. Juu yake godoro. Juu ya godoro mtu mrefu, amelala. Mwanamke mmoja akauliza, "Jamani, bustani gani yenye kitanda?"

"Subirini," Dhahabu akasema, jasho linamtoka. Kuachia njiani mbele ya watu hakuweza. Kiburi kilimshika mkono kikaendelea kushona. Likatokea beseni juu ya mapaja. Ikatokea meza kando. Matone ya bluu yakashuka kutoka juu. Na alipokaza safu ya mwisho, pale juu ya meza alisimama mwanamke mwenye chuma mkononi, anatoboa bati, na kichwani ana kilemba cha njano chenye matone mekundu.

Watu wakakitazama kitandiko. Kisha wakamtazama yeye kichwani. Alikivua kilemba haraka akakikalia, na hapo ndipo kicheko kilipopasuka.

"Usikivue, ua letu!" mmoja akapiga kelele. "Bustani itanyauka!"

Fundi bati hakucheka. "Nilikuwa najiuliza," akasema, "bati jipya linatobokaje kutoka ndani kwenda nje." Akaingia chumbani na wanawake wawili. Walikisukuma kitanda kwa mkono mmoja mmoja, mguu haukulia hata kidogo, wakamwekea Dada mito.

Dhahabu akakunja kitandiko. "Nitakifumua, mama. Nitakufanyia kingine."

"Lete hapa," Mama Wageni akamwambia. "Sikitandiki, nakitundika. Kila mgeni alishe macho yake, na akiuliza nitamwonyesha nyumba yako."

Tangu siku hiyo Dada ana dirisha. Anawaita watu, anawatania, wanamletea habari na ndizi. Dhahabu kazi haikukatika mara moja, wapo wasiosikia. Mwenye duka akaagiza kitambaa cha kaunta. Akachukua uzi, akakaa, sindano mkononi, hana cha kuanza.

"Dada, nipe kitu. Kidogo tu."

"Huku kuna watu tu, mdogo wangu. Wamejaa kweli. Lakini ni wangu." Dada hakugeuka, hata angetaka asingeweza. "Dari lako si lipo? Bati lake ulilitoboa mwenyewe. Lala chali utazame."

Na alilala, kweli! Mchana kweupe, mwanamke mzima, kwenye sakafu pale kitanda kilipokuwa, chini ya tundu lake mwenyewe. Akakodoa. Tone la mvua ya usiku likamwangukia mdomoni.

"Unaona nini?" Dada akauliza.

Alitafuta jogoo. Alitafuta jani. "Naona maji."

"Basi fuma maji." Kisha Dada akapaza sauti dirishani, "Jamani, leo anafuma maji!" Na barabara nzima ikacheka mpaka muuza mkaa akatua gunia lake. Sindano ile haijafuma tena. Dhahabu anachokolea meno.

Nimemaliza, kidole kimekufa ganzi. Sasa wewe uliyenisumbua nikuandikie: bati langu la upande wa jikoni linavuja, na katika madoa yake mimi simwoni jogoo. Njoo na ngazi. Njoo na misumari yako pia, yangu siazimishi. Na ukishindwa kuja, usinipitie tena mlangoni ukiuliza habari za watu.