Tochi ya Kilindi

Tarehe tisa mwezi wa saba, asubuhi, tulimpoteza binti yetu kwa homa ya mapafu. Alikuwa darasa la nne. Huo ndio mwezi wa baridi kali huku kwetu juu ya Lushoto. Ukungu hukaa bondeni mpaka karibu na mchana, na watoto wengi hukohoa. Tulidhani kikohozi chake ni kama cha wengine. Tulimzika kesho yake pembeni mwa shamba, karibu na migomba, bila baba yake. Alikuwa Kilindi, na alipofika udongo ulikuwa umeshafukiwa na watu wameanza kunawa mikono.

Kilindi ni wilaya ya mkoa wetu huuhuu, ila iko chini, kwenye nchi ya joto. Mume wangu alikuwa ameenda huko kulima mahindi, kwa sababu shamba letu la mlimani limegawanywa kwa ndugu mpaka limebaki matuta machache ya kabichi.

Kabla hajaugua, binti yangu alikuja na kitabu cha shule. Walikuwa wamepata sanduku la vitabu vya watoto, vya picha za rangi, wakawa wanaviazima kwa zamu. Si vya hadithi. Vinaeleza vitu vilivyopo. Hicho chake kilikuwa cha bahari na ardhi. Alikisoma jikoni kwa sauti, mimi nikimenya viazi na mama mkwe wangu akiota moto.

Alipotusomea kwamba nyangumi si samaki, kwamba ananyonyesha, mama mkwe alisema, "Aliyeandika hayo muulize nani alimkamua."

"Bibi, ni kweli. Kitabu kimesema."

"Haya. Na maziwa yake anauza wapi?"

Tulicheka. Alisoma pia kwamba mawe ya milima kama yetu yalitengenezwa chini sana ya ardhi, yakainuliwa polepole, polepole kiasi ambacho hakuna mtu anayeweza kuishi akaona. Siku ile habari hiyo ilinipita tu. Siku hizi, nikipita pale kwenye migomba, ndiyo inayonirudia. Kitabu hakikusema kama kila kilichowekwa chini huinuka.

Kisha akafika kwenye ukurasa wenye neno moja juu kwa herufi kubwa: KILINDI. Ukurasa wote ulikuwa mweusi, na samaki wenye meno marefu na taa ndogo mwilini. Alisoma kwamba huko mwanga wa jua haufiki, kwamba kuna giza daima, na kwamba viumbe wa huko hutoa mwanga wao wenyewe.

Akainua macho, akaniuliza, "Mama, si ndiko aliko baba?"

Mama mkwe alidakia, "Kilindi gani yenye samaki? Baba yako kaenda kulima, hakwenda kuvua. Wakilindi mimi ninaowajua ni ukoo wa machifu wetu wa zamani. Au samaki nao siku hizi wana uchifu?"

Mimi nilimaliza darasa la saba. Neno lile nililijua kwa mambo hayo mawili tu, wilaya na ukoo. Nikamwambia labda kuna ziwa huko.

Jumapili baba yake alipopiga simu, mtoto alinipokonya simu mkononi.

"Shikamoo baba. Eti huko kuna mwanga?"

Nilimsikia baba yake akicheka. "Marahaba. Mwanga utoke wapi, mwanangu? Huku giza tupu. Mpaka watuletee umeme, tutakuwa tumezeeka."

Tangu siku ile akaacha kuuliza. Alichukua tochi yetu ndogo, ile ya kuchaji juani, akawa anaianika kila siku juu ya mabati ya banda la mbuzi, hata siku za ukungu. Aliwafundisha watoto wa jirani mchezo: wanajifunika gunia bandani, mmoja anauliza, "Nani yuko Kilindi?" na mwenye tochi anaiwasha na kujibu, "Mimi!" Alisema tochi ni ya baba, atampa akija. Nilidhani ni mchezo.

Baada ya mazishi watoto wale waliendelea kuucheza, bila tochi. Siku moja nilikuwa nafua, ukungu umeshuka mpaka sikuona banda. Nikasikia swali, nikasikia "Mimi!", kisha "Mimi!", kisha "Mimi!" nyingine, ndogo, iliyochelewa. Nikaita. Walitoka watoto wawili. Siwezi kusema nilisikia nini. Inawezekana mmoja alijibu mara mbili. Sikuwauliza, na nguo niliziacha kwenye beseni mpaka kesho yake.

Wiki ya matanga mwalimu wake alikuja kutupa pole. Ni binti mdogo, aliniamkia, akakaa kwenye mkeka na kulia nasi. Alipokuwa anaaga aliona aibu kusema, lakini nikaelewa. Kitabu kilikuwa cha shule na watoto wengine walikuwa wanakingoja. Nilikitoa chini ya mto. Kabla sijampa, nilifungua ule ukurasa mweusi.

"Mwalimu, hawa samaki wanaishi Kilindi upande gani?"

Alitazama herufi zile, akanitazama mimi. Hakucheka. "Mama, hii si ile ya wilayani. Kilindi ni maji marefu. Ni huko chini kabisa baharini."

Nikampa kitabu chake, akaondoka.

Basi mtoto wangu aliugua akiamini baba yake anaishi mahali jua lisipofika, na baba yake mwenyewe ndiye aliyemthibitishia. Siku mbili nilikaa na jambo hilo. Nikimwambia baba yake, atarudi nalo Kilindi. Nisipomwambia, nitabaki nalo peke yangu nyumba hii, na mchezo ule bandani.

Asubuhi ya kuondoka aliniita kama anavyoniita siku zote, mama wa fulani, kwa jina la mtoto. Wote wawili tukasimama. Kisha akasema, "Ile tochi iko wapi? Nilitaka kukuachia imejaa chaji."

"Si yangu," nikasema. "Ni yako. Alikuwekea."

"Aliniwekea ya nini?"

Nikamweleza yote, kitabu, ukurasa, simu, na neno la mwalimu. Sikupunguza. Alikaa kizingitini.

"Nilimaanisha umeme," akasema.

"Najua."

"Kule jua linachoma mpaka mahindi yanakunjamana."

"Najua, baba watoto."

Nilikwenda bandani, nikaishusha tochi kutoka juu ya mabati. Ilikuwa na umande. Aliifuta kwa shati, akaiwasha mchana kweupe na kuiziba kwa kiganja, vidole vyake vikawa vyekundu. Aliitazama hivyo kwa muda. Kisha akaizima, akaitia kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo, akapita njia ya kwenye migomba.