Mwalimu, Naomba Kuingia

Siku yangu ya kwanza kazini nilimwaga chai. Nilikuwa nimeketi katika chumba cha walimu cha shule ya wasichana ya misheni, ile iliyo juu kidogo ya Kimilili, kwenye kiti nilichoonyeshwa na mwalimu mkuu mwenyewe, nikijiona mtu mzima. Mlango ukafunguka, akaingia Mwalimu Simiyu wa Kilimo, buti zake zikiwa na matope kama kawaida. Miguu yangu haikuniomba ruhusa. Nilisimama wima, mikono nyuma, kama msichana wa kidato cha kwanza, na kikombe kikaenda chini. Walimu wakacheka hadi mmoja akatoka nje. Simiyu hakucheka. Aliniangalia tu, akasema, "Nekesa wa bweni la Elgon. Tambara liko pale pale ulipoliacha." Nikaenda, nikalichukua, nikapiga deki. Shahada yangu ya chuo kikuu ilikuwa ndani ya mkoba.

Nawaambia haya nyinyi walimu vijana kwa sababu mnadhani kurudi kufundisha katika shule iliyokusomesha ni kwenda likizo. Sisi tuliorudi tuliitwa "wa nyumbani", na wa nyumbani alikuwa na sheria zake. Haketi kabla ya mwalimu aliyemfundisha kuketi. Ndiye anayemimina chai ya saa nne. Ndiye anayepewa zamu mbaya. Na zamu, kwa msiojua, ni ile wiki ambayo mwalimu mmoja anaibeba shule nzima, tangu kengele ya alfajiri hadi taa za mabweni zizimwe. Wiki ya wazazi kuja kutembelea, zamu ilikuwa yangu. Wiki ya mashindano ya kwaya, yangu. Hayakuandikwa popote. Ukilalamika, unaambiwa, ati si hapa ni kwenu?

Faida nayo ilikuwepo. Wasichana hawakuweza kunidanganya. Nilijua dirisha la bweni lisilofungika vizuri, nilijua mandazi yanafichwa wapi, na nilijua ugonjwa wa tumbo unaokuja siku ya mtihani wa hesabu. Baadhi ya mbinu hizo tulizianzisha sisi. Msichana akiniambia anaumwa, nilikuwa namuuliza, "Hii ni ile ya kweli ama ni ile yetu?" Wengi walipona papo hapo.

Nilifundisha Biolojia na Kilimo, kwa hiyo nilikuwa chini ya Simiyu, mkuu wa idara. Yeye ndiye aliyenionyesha kazi ilivyo. Kila muhula ulianza na maazimio ya kazi, yaani mpango wa yote utakayofundisha hadi shule ifungwe, na kila kipindi kilikuwa na andalio lake la somo. Simiyu alisoma maandalio yangu kwa makini, kisha akanirudishia na swali moja tu: "Na wakishindwa kuelewa hapa, utafanya nini?" Nisipokuwa na jibu, nilirudi kuandika upya. Nilimwona mkali kupita kiasi. Nilikuja kumshukuru baadaye, kimoyomoyo, kwa sababu yeye hakuwa mtu wa kushukuriwa usoni.

Darasa lake halisi lilikuwa kitaluni, pale nyuma ya kanisa, mahali pa kukuzia miche ya parachichi na michungwa. Kulikuwa na ua wa mianzi na lango dogo. Ukichelewa, ulisimama langoni, mikono nyuma, ukasema, "Mwalimu, naomba kuingia." Alikuacha hapo kidogo uone haya. Kisha alikuambia, "Umechelewa," nawe ukaitikia, "Nimechelewa, Mwalimu," halafu akakupa kazi ya mkono mbele ya wenzako. Lakini hakumfukuza mtu hata siku moja. Walimu wengine waliwapigisha wachelewaji magoti huko nje. Kwa Simiyu uliingia, hata kipindi kikiwa kinakaribia kwisha.

Nikapata uhamisho kwenda Kitale, shule ya kutwa pale mjini. Huko nilikutana na bosi aliyenifunza nusu ya pili ya kazi hii. Alikuwa mama mnene mwenye sauti ndogo, na sote tulimwita Madam Prinsipo. Ndiye aliyenifanya mkuu wa idara, na mkuu wa idara hukagua masomo ya wenzake: anakaa nyuma ya darasa kipindi kizima, anatazama mwalimu akifundisha, kisha wawili hao wanakaa na kuzungumza. Mara ya kwanza nilirudi ofisini kwake na orodha ya makosa chungu nzima ya kijana mmoja wa Fizikia. Hakuyasoma.

"Nekesa," alisema, "hukuenda kumwinda mtu. Ulipokaa pale nyuma, mtoto wa mwisho aliona nini?"

Sikujua. Nilikuwa nimemtazama mwalimu tu. Madam Prinsipo akanirudisha kesho yake nikatazame upya, na tangu siku hiyo swali hilo halikunitoka. Nikalibeba hadi Bungoma mjini nilipofanywa mwalimu mwandamizi, na nilipopandishwa cheo tena nikaambiwa nirudi misheni kuwa naibu wa mwalimu mkuu.

Nilifurahi, nisiseme uongo. Nililala pale pale chini ya mlima nilikokulia, nikisikia kengele niliyoijua. Simiyu alikuwa bado yupo, nywele zimekuwa nyeupe, buti zile zile za matope. Nikaingia chumba cha walimu, naibu mzima, nikasimama alipoingia, nikammiminia chai. Akapokea kana kwamba nilitoka jana.

Shida ilikuja na utaratibu mpya. Kila mwalimu, awe mgeni au mzee, alipaswa kukaguliwa somo lake kila muhula, na mkaguzi ni naibu. Wote walikubali, wengine kwa kununa. Simiyu alikataa. Nilimtumia ujumbe kupitia kwa katibu wa shule mara kadhaa nikimpangia kipindi. Kila siku niliyopanga, nilikuta lango la kitalu limefungwa na wasichana wamepelekwa kupalilia mahindi upande wa pili wa mto. Mwishowe nilimfuata mwenyewe, nikiwa na kikombe cha chai mkononi.

"Nimekufundisha kushika jembe," alisema bila kuinua sauti. "Leo unikague kama nimeshika chaki vizuri?"

Niliona uchungu, na niliona kwamba kwa upande wake alikuwa na haki. Mwalimu mkuu, mwanamume mpole aliyetoka mbali na asiyejua mambo yetu ya nyumbani, naye alikuwa na haki yake. Aliniita ofisini akanieleza waziwazi kwamba muhula ukiisha bila Simiyu kukaguliwa, ataandika kwamba mwalimu amekaidi, na mwalimu aliyekaidi anahamishwa. Simiyu alikuwa amebakiza muda mfupi astaafu. Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya barabara ya shule, na mkewe alikuwa na kisukari. Simiyu mwenyewe ndiye aliyempikia na kumpeleka kliniki. Kumhamisha kulikuwa ni kuvunja nyumba ile.

Wenzangu wakanishauri kirahisi. Si ujaze tu karatasi ya ukaguzi, bana, nani atajua? Sote tunamjua anavyofundisha. Hilo nililikataa kabisa. Mzee huyo huyo ndiye aliyetufundisha kwamba mche usioupima kwa mkono wako, hukiandiki kipimo chake. Ningemwokoa kwa njia ambayo angeniona takataka.

Nilizunguka na jambo hilo siku nyingi. Nilikasirika naye, kisha nikajikasirikia mwenyewe. Asubuhi moja, nikiwa dirishani mwa ofisi, nilimwona msichana mmoja akikimbia kuelekea kitaluni, kachelewa, sweta mkononi. Nikajiuliza mbona nimekuwa nikimtumia katibu. Mimi si mgeni wa serikali pale. Mimi ni wa nyumbani, na njia ya kuingia darasani kwa Simiyu naijua tangu utotoni.

Nikasubiri kipindi chake kilichofuata. Kengele ikalia, nikaiacha ilie, nikaiacha inyamaze, nikamwacha aanze kufundisha. Ndipo nikaenda. Sikubeba karatasi wala kalamu. Nikasimama langoni, viatu vyangu vya ofisini vikizama kwenye udongo, mikono nyuma.

"Mwalimu, naomba kuingia."

Wasichana wote waligeuka. Mmoja alifunika mdomo. Simiyu alikuwa na kisu kidogo mkononi, ameinama juu ya mche. Aliniangalia kwa muda mrefu hadi nikaona haya kwelikweli, haya zile zile za zamani, na nikawaza kwamba leo atavunja desturi yake anifukuze.

"Umechelewa," alisema.

"Nimechelewa, Mwalimu."

"Ingia. Shika kisu."

Somo lilikuwa kupandikiza parachichi. Unakata kichwa cha mche wa kienyeji, unaupasua katikati, kisha unachukua kikonyo, yaani kijiti kutoka kwa mti unaozaa vizuri, unakichonga pande mbili, unakichomeka kwenye mpasuko na kufunga kwa utepe wa nailoni. Ganda liguse ganda, la sivyo kinakauka. Nilikuwa nimelifundisha somo hilo mara nyingi, lakini miaka ya ofisi ilikuwa imeninyang'anya mikono. Kikonyo changu kilikaa upande. Simiyu akakichomoa, akawaonyesha wasichana.

"Mnaona? Huyu ni naibu wenu. Ameharakisha kukata. Nekesa, rudia."

Nikarudia. Wasichana wakacheka kwa adabu, halafu wakacheka bila adabu, na hakuna aliyewakataza. Mara ya pili ganda likakutana na ganda. Akanirudisha mahali pangu pa zamani, nyuma kabisa karibu na ua, nikasimama hapo nikatazama somo lote lililobaki. Lilikuwa somo zuri. Nililiona pia lile ambalo Madam Prinsipo angeniuliza.

Wasichana walipoondoka, alisafisha kisu kwa suruali yake, akasema bila kunitazama, "Haya. Nimepata ngapi?"

Kumbe alijua tangu nilipofungua mdomo langoni kwamba nimekuja kumkagua. Ningeweza kumsifu, tukamalizana kwa amani. Nikamwambia, "Umefundisha vizuri kuliko wote niliowaona, Mwalimu. Lakini sisi tuliosimama karibu na ua hatukukiona kisu. Tuliona mgongo wako."

Akaenda mwenyewe hadi pale karibu na ua, akasimama niliposimama, akatazama meza yake.

"Miaka yote hiyo?" aliuliza.

"Hata wakati wangu. Nilijifunza kwa kumuuliza jirani."

"Na hukusema."

"Ningesemaje, Mwalimu?"

Akatikisa kichwa polepole. "Asante, mayi," akasema. Mayi kwetu ni mama, na ndivyo tunavyomwita mwanamke kwa heshima. Tangu nikiwa msichana hadi siku hiyo alikuwa akiniita Nekesa tu. Nilifika ofisini, nikafunga mlango, nikalia.

Juma lililofuata meza ilikuwa katikati ya kitalu, na wasichana wameizunguka. Simiyu alistaafu kutoka pale pale, akavuka barabara, akafika kwake. Hakuna aliyemhamisha; karatasi yake ya ukaguzi niliijaza kwa yale niliyoyaona mwenyewe. Siku ya kumuaga nilimmiminia chai mara ya mwisho nikiwa kazini, na aliniambia ina majani machache.

Mimi nami sikubaki naibu milele. Mwishoni niliomba kupunguziwa ofisi nirudi darasani, na nafasi yangu akapewa Chemutai, msichana wa huko juu mlimani niliyemfundisha Biolojia, wa nyumbani kama mimi. Kipindi kimoja cha muhula wangu wa mwisho nilikuwa naandika ubaoni niliposikia darasa limenyamaza. Nikageuka. Naibu alikuwa mlangoni, mikono nyuma. Sikuwahi kumsimulia. Nadhani wale wasichana wa kitaluni walisimuliana bweni hadi bweni.

"Mwalimu, naomba kuingia."

"Umechelewa," nilimwambia.

Alikaa nyuma hadi mwisho. Wanafunzi walipotoka alibaki pale, akikunja na kukunjua vidole, nikajua ana neno zito.

"Sema," nikamwambia. "Wa mwisho aliona nini?"

"Kuona aliona, Mwalimu. Ni kusikia." "Sauti yako haifiki tena huku nyuma."

Niliumia, na ningekuwa mwongo nikisema sikuumia. Kisha nikaona jinsi alivyosimama kwa hofu ya mwanafunzi, na bado amesema. Muhula ule nilifundisha nikitembea katikati ya madawati, nikawafikia wote, na nikastaafu kwa wakati wangu bila kinyongo. Sasa ninakaa Kimilili, nafuga kuku, na nikiulizwa kazi yangu ilizaa nini sitaji vyeti wala vyeo. Naikumbuka siku ile, nikiwa bado nimesimama na chaki mkononi, nilipomuuliza Chemutai, "Haya, nimepata ngapi?"

Alinivutia kiti. "Keti kwanza, Mwalimu," akasema. "Nikuletee chai."