Pazia Nililolifua

Bado naikumbuka siku ile, mwanangu, na kila nikikuona unalowesha kitambaa cha mteja, moyo wangu unashtuka.

Nilikuwa kijana, nimetoka kwetu Uvira mwaka uleule, fundi cherehani ninayejiona hodari. Mzee Bukuru, Mrundi mwenye karakana ya viti na mapazia hapa mtaani Jeppestown, ndiye aliyenipa kazi. Basi akaja mama mmoja na pazia la hariri lenye maua mekundu. Lilikuwa limefumwa Ulaya, katika karakana ndogo, yapata miaka mia mbili iliyopita, na mabinti wa ukoo wake wamekuwa wakilirithi. Mama yake mzazi alikuwa mahututi, akiomba kuliona tena dirishani kwake kabla hajafumba macho. Mzee aliniambia nilishonee bitana tu, kitambaa cha nyuma, kisha akaenda mtaa wa Newtown kutafuta uzi.

Kwetu, nguo ya mteja hairudishwi na vumbi. Nikachukua karai, maji ya moto na sabuni. Nilitaka Mzee arudi alikute linang'aa, anisifu. (Ujana unapenda sana kupigiwa makofi.) Nilipoliinua, likabaki mikononi mwangu vipandevipande, kama karatasi iliyolowa, na wekundu wote ukabaki kwenye maji. Nilikaa sakafuni nikalia.

Mzee aliporudi, hakufoka. Aliinama juu ya karai, akaokota kipande kimoja.

"Eish, kijana. Ulitaka kulisafisha ama ulitaka usifiwe?"

Akavikusanya vipande juu ya kitambaa kikavu, akanisogezea.

"Hariri ya umri huu haioni maji. Sasa utaipeleka wewe mwenyewe. Mimi siendi."

Nikaenda. Yule bibi mgonjwa alikuwa haoni tena vizuri. Binti yake, yule mteja wetu, akamwekea kipande kimoja kiganjani. Bibi alikishika, akatafuta kingine juu ya shuka, akapapasa huku na huku mpaka akachoka. Alifariki wiki ileile, dirisha lake likiwa tupu. Heri angenitukana.

Nakuachia haya, mwanangu. Usiguse kitu cha mtu kabla hujauliza kinahitaji nini, na nani anakingoja. Ukikiharibu, kipeleke mwenyewe, usimtume mwenzako akabebe aibu yako. Mungu akupe mikono yenye subira, na akuepushe na mkono ule ninaouota mpaka leo, ukipapasa shuka.